Mwaka Tuliozima Mishumaa

Umeme ulikatika mchungaji akiwa katikati ya kusoma wasifu wa marehemu. Ilikuwa alasiri ya Desemba, mvua imeshuka kwa fujo kama inavyoshuka Tabora, ikitanguliwa na upepo na vumbi, na wazee wa kanisa walikuwa wamefunga madirisha yote ya mbao ili maji yasirukie jeneza. Kwa hiyo taa zilipozimika, giza lilikuwa giza kamili, ingawa nje ulikuwa bado mchana. Mchungaji akanyamaza katikati ya sentensi, akiwa amefika mwaka marehemu alipoolewa. Nikasikia watu wakipapasa mikoba na mifuko ya makoti kutafuta simu wapate kuwasha tochi. Ndipo sauti ya mwanamke ikasema kutoka nyuma, karibu na mlango, bila kupaza sana: "Jamani, msiwashe kwanza." Wala hakutoa sababu. Ajabu ni kwamba watu walitii, hata wale vijana wawili mbele yangu ambao tangu ibada ianze hawakuwa wameacha kuchezea simu zao. Tukakaa gizani na marehemu, Mama Tabitha wetu, mvua ikipiga bati, mpaka sauti ileile iliposema, "Haya, sasa washeni." Tochi zikawaka, mchungaji akaipata miwani yake, ndoa ikaendelea pale ilipoachwa. Mimi sikugeuka kutazama. Sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu ilipokuwa ya mtoto, lakini niliijua, na nikajikuta nalia, jambo ambalo sikuwa nimelifanya siku zote za msiba.

Mama Tabitha alinipokea nyumbani kwake Itetemia mwaka niliomaliza kidato cha sita, nikisubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Ya kwetu, na sababu za kuhamia kwake, nitayaacha. Hayana uzito katika habari hii. Alikuwa mjane wa mwinjilisti, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, na nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa, hata ukitaka kwenda jikoni ilibidi upite chumbani kwake na kumwona alivyotandika. Sebuleni kulikuwa na meza yenye kitambaa cha kufuma, redio iliyofunikwa kitambaa kingine cha kufuma, na viti vya mbao visivyo na mito, kwa sababu aliamini mto humfanya mgeni asahau kwao. Asubuhi tulikula viporo vya viazi kwa chai ya tangawizi, mchana ugali na mlenda wa karanga, jioni ugali tena na maziwa mgando. Nyumba ilitazama barabara ya vumbi ya kwenda Kwihara, ambayo wazee waliita njia ya misafara, ile iliyokwenda hadi Ujiji. Sisi tuliitumia kwendea kisimani na dukani kununua mafuta ya taa. Sikuwa mtu wa kuwaza historia. Ila mwaka ule ilinijia mara kadhaa, nikitembea pale na ndoo, kwamba katika njia hii watu waliwahi kupitishwa wakiwa na bei, na kwamba bei ile haikuwa imekwisha, ilikuwa imehamia kwa wengine.

Kwake hapakuwa na mtu wa kukaa bure. Wiki ya kwanza tu alinikabidhi watoto wa Shule ya Jumapili wa ushirika wetu wa Kimoraviani, na kabla ya Majilio akanikalisha kwenye kiti kimojawapo kisicho na mto akanieleza somo la kuzaliwa kwa Yesu linavyofundishwa. Lilifundishwa namna moja tu. Jumapili ya kwanza ya Majilio unafunga madirisha yote ya chumba cha watoto, unatundika kaniki nyeusi kuziba nyufa, unawakalisha gizani. Unawaambia dunia ilivyokuwa ikingoja. Unaendelea kuwaambia mpaka waanze kubanana na mmoja aanze kulia, maana kabla ya hapo somo halijaiva. Ndipo unawasha mshumaa mmoja na kusema, "Hivi ndivyo alivyozaliwa." Jumapili inayofuata unaongeza mmoja, hivyohivyo, hadi mkesha wa Krismasi, ambapo kila mtoto anasimama mbele ya kanisa zima na mshumaa wake mkononi. Mama Tabitha alifundishwa hivyo akiwa mdogo, akafundisha hivyo maisha yake yote, na aliniambia hajawahi kuona mtoto aliyelisahau. Nilimwamini. Hata leo namwamini, ingawa si kwa maana aliyoikusudia.

Mishumaa haikutoka dukani. Aliileta Mzee Maganga, mzee wa kanisa, mrina asali, aliyekuwa na mizinga yake porini na ambaye kila Novemba alichemsha nta nyuma ya jiko la Mama Tabitha, akachovya tambi moja moja, akazianika kwenye kamba kama soksi. Ua mzima ulinuka asali. Nyuki walikuja kudai mali yao, na watoto nao walikuja, na kila mwaka kulikuwa na mishumaa yenye alama za meno. "Mwangaluka, mayu," angemsalimu akiingia, na Mama Tabitha angemjibu kutoka jikoni, nao wangeanza kubishana kuhusu jambo lolote lililokuwapo, kwa Kinyamwezi wakiwa na hasira na kwa Kiswahili wakikumbuka kwamba nipo. Mzee Maganga pia alikuwa kiongozi wa sungusungu wa mtaa, wale wanaume waliolinda kwa zamu na filimbi na fimbo. Mwaka ule kazi yao ilikuwa imeongezeka. Ilikuwa ile miaka ya hofu, ambapo watu wenye ualbino waliwindwa huku kwetu magharibi na kanda ya ziwa kwa sababu za waganga na watu waliotaka utajiri wa haraka. Neno ualbino wengi hawakuwa nalo bado; walitumia mengine, na hayo sitayaandika. Redio ilitaja habari hizo asubuhi, Mama Tabitha akainuka na kuizima, kisha akaifunika kitambaa chake.

Kulwa alikuja kwangu kwa sababu ya Mama Tabitha. Alikuwa pacha, msichana wa miaka minane au tisa, na Doto, mdogo wake kwa dakika chache, alikuwa mweusi kama sisi wengine. Kulwa alikuwa na ualbino. Mama yao alilima na kuuza matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, akiyatembeza kwenye beseni, na kwa muda mrefu alikuwa akimfungia Kulwa ndani siku nzima akienda kuuza. Mama Tabitha alimfuata mara tatu kumwomba amlete mtoto kanisani. Mara ya tatu mama alikubali kwa masharti: yeye mwenyewe atakaa benchi la nyuma, mlangoni, mpaka kipindi kiishe, na mtoto awe nyumbani kabla jua halijainama. Basi kila Jumapili walifika watatu, Kulwa katikati, amevaa kofia pana ya baba yake na mikono mirefu, Doto akitembea upande wa barabara. Nilimweka benchi la mbele kwa kuwa macho yake hayakufika ubaoni. Hakuzungumza. Akiulizwa alimtazama Doto, na Doto alijibu, mara nyingi kwa makosa, na Kulwa alimfinya.

Jumapili ya kwanza ya Majilio nilifunga madirisha kama nilivyofundishwa, nikatundika kaniki. Nilipoziba ufa wa mwisho nilimsikia mtu akicheka. Nilidhani ni mmoja wa watundu wa nyuma, kumbe ni Kulwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake ikiwa huru. Wenzake walipoanza kubanana, yeye aliwaambia wasiogope, akawafundisha mchezo wa kubahatisha nani amekaa wapi kwa kusikiliza pumzi yake, akataja majina yote bila kukosea. Nilikuwa nasimulia dunia ilivyokuwa ikingoja, lakini hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Darasa lilikuwa lake. Nikaona somo linaharibika, nikaharakisha. Nikawasha kiberiti. Katika mwanga ule wa kwanza nililiona benchi la mbele likiwa tupu. Kulwa alikuwa chini yake, amejikunja, kofia usoni, na Doto alikuwa amemlalia juu, mikono imetandazwa, akinipigia kelele mimi mwalimu wake: "Zima! Zima!" Wengine wakacheka, kama watoto wanavyocheka wasipoelewa. Nikazima. Mama yao alikuwa ameshafika katikati ya chumba, beseni limeachwa mlangoni. Nilipiga magoti nikauliza kuna nini, na ile sauti niliyokuwa nimeisikia ikicheka ikanijibu kutoka chini ya benchi, kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni njia: "Mwalimu, taa ikiwaka wanakuona."

Jumapili ya pili hawakuja. Niliwasha mishumaa miwili, watoto wakaimba, benchi la mbele likabaki wazi. Wiki hiyo nilikwenda kwao alasiri moja, na chombo cha maziwa mgando alichonipa Mama Tabitha kama kisingizio. Nyumba yao ilikuwa chumba na sebule. Dirisha la chumbani lilikuwa limepigiliwa bati kwa ndani, pazia zito likitenganisha huko na huku. Mama Kulwa alinikaribisha kwenye kigoda, akanipa chai ya rangi na matobolwa kwenye sahani ya bati, na alisubiri hadi nimekula ndipo akazungumza, kwa sababu kwake mgeni mwenye njaa hakuambiwa jambo zito. "Wewe hukujua," alisema. "Sikulaumu. Walikuja mwaka jana, baba yao akiwa safarini. Walimulika mlango, wakamulika dirisha, wakaita kwa adabu kabisa, hodi, hodi. Nikazima koroboi. Tukalala sakafuni, hawa wawili nimewaziba midomo. Walimulika mpaka wakachoka." Akaipangusa sahani iliyokuwa safi tayari. "Mtoto wangu haogopi giza, Mwalimu. Giza ndilo lililomlea. Sasa nyinyi mnamwambia giza ni baya na Yesu ni taa. Nitamrudisha vipi huko?"

Nikainamia kikombe changu cha chai. Hapo ndipo nikasikia maneno nyuma ya pazia. Kulwa alikuwa akimsimulia Doto habari ya kuzaliwa kwa Yesu, ile niliyokuwa nimewafundisha tangu Novemba, na nilitega sikio kwa majivuno kidogo. Alianza vizuri. Nyumba za wageni zimejaa, zizi, hori, wachungaji. Alipofika kwenye nyota alisimama. "Hapo ndipo walipokosea," alisema. Doto akauliza nani. "Hao wa mbinguni. Mtoto amefichwa vizuri, zizini, nani atakwenda kumtafuta zizini? Halafu wao wanawasha nyota juu ya paa. Mamajusi wakaiona, wakaenda kumwambia Herode. Nyota ndiyo iliyomchongea." Doto alifikiri, kisha akasema labda Herode angempata hata bila nyota. "Angempata vipi?" alisema Kulwa. "Mimi ningekuwa Mariamu ningeizima." Mama yao alikuwa akinitazama. Hakutabasamu, nami sikutabasamu, lakini nadhani wote wawili tulijua kwamba mtoto huyu alikuwa amelisikiliza somo langu kuliko mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Nilimpelekea Mama Tabitha maneno yale kama yalivyo, tukiwa tunachambua mlenda. Alinawa, akaleta Biblia yake yenye jalada la kitambaa, kwa sababu nyumbani mwake kila kitu kilikuwa na kitambaa, akafungua habari ya mamajusi, akasoma kimya huku midomo ikienda. Alipofika mwisho wa zawadi aliendelea, akafungua ukurasa uliofuata. "Unajua," alisema, "miaka yote mimi naishia kwenye dhahabu na manemane. Watoto wanaimba, tunakwenda kula. Sijawahi kuwavusha ukurasa huu Krismasi." Ukurasa wenyewe kila Mkristo anaujua: Yusufu anaonywa ndotoni, anaamka usiku uleule, anamchukua mtoto na mama yake, wanaondoka kwenda Misri, na nyuma yao Herode anawaua watoto wa Bethlehemu. Usiku uleule. Mama Tabitha alilirudia neno usiku mara mbili, akaliwekea kidole. Kisha akanitazama, na mwanamke yule ambaye alikuwa amefundisha somo lilelile kwa namna ileile tangu kabla sijazaliwa akasema, bila kuugua wala kuomba radhi kwa mtu, "Basi mwaka huu tutakwenda mpaka Misri."

Kwa Mzee Maganga mambo hayakuwa mepesi. Nilikuwa jikoni, wao sebuleni, na ukuta wa nyumba ile haukuficha siri. Alisema watu wanatoka mbali kuja kuona mishumaa. Alisema mshumaa ndio Krismasi yenyewe, na kuzima taa kanisani mkesha wa Krismasi ni kumkaribisha shetani na kumpa kiti. Mama Tabitha alimwambia shetani ana kiti tayari, kila mtu amemwona mwaka huu alipokaa. Mzee akahamia Kinyamwezi. Mama Tabitha akamfuata hukohuko. Nilielewa jina la Kulwa, nikaelewa neno la taa, kisha mlenda wangu ukaanza kushika chini. Mama Tabitha akarudi kwenye Kiswahili, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Maganga, nyinyi mkizunguka kulinda, mnawasha tochi?" "Hatuwashi," alisema. "Kwa nini?" "Ukiwasha, wewe ndiye unayeonekana. Mwizi unamwona ukiwa gizani." Akasikia alichosema. Kiti kisicho na mto kikalia. "Haya," alisema, "lakini kiberiti nitashika mimi."

Niliporudi kwa Mama Kulwa sikwenda kumwomba mtoto ashike mshumaa. Nilikwenda kumwambia kwamba tunahitaji mtu wa kuizima nyota na taa zote, ili Yusufu na Mariamu wapite, na kwamba wenzake wote hawawezi kutembea gizani bila kugonga mabenchi. Pazia likafunguka kabla sijamaliza. Kulwa alitaka kujua kama kaniki za kanisani ni nzito za kutosha. Mama alitaka kujua saa. Tukakubaliana: ibada ya watoto haitakuwa jioni kama miaka yote, itakuwa alasiri, na sungusungu watasimama nje. Mazoezi yakaanza, na nikagundua nimejiletea msimamizi. Doto akawa Yusufu. Mariamu alikuwa Sofia, binti mnene mwenye haya, aliyechaguliwa kwa sababu alikuwa na mwanasesere. Kulwa aliwafunga vitambaa machoni na kuwapitisha baina ya mabenchi mpaka wakajua kila kona kwa magoti yao. Alimkemea kijana aliyekuwa Herode kwa kukohoa. Na alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kwa kila mtu, hata kwa Mzee Maganga aliyekuja kukagua: "Asiwashe mtu mpaka wafike mlangoni." Mzee alisema sawa. "Hata kama mtu analia," alisema Kulwa. Mzee alisema sawa tena. Mama Tabitha, aliyekuwa akishona mkia wa punda, alinikonyeza.

Siku yenyewe kanisa lilijaa. Habari ya mabadiliko ilikuwa imetangulia, na nadhani wengine walikuja kuona tunavyoaibika. Tulifunga madirisha, tukatundika kaniki, watoto wakasimama mbele kila mmoja na mshumaa wa nta, na kwa muda Krismasi ilikuwa ileile ya miaka yote, nyuso ndogo za rangi ya asali, akina mama wakinong'onezana mwana wa nani ni yupi. Nyota ilikuwa taa ya chemli iliyotundikwa juu ya zizi. Mamajusi walileta zawadi. Watu wakaanza kujiandaa kuimba, maana hapo ndipo tulipoimba siku zote. Badala yake Doto aliamka kutoka usingizini, akasema kwa sauti kubwa kuliko tulivyokubaliana, "Mariamu, inuka, wanakuja," na Kulwa akatoka nyuma ya kaniki. Hakuvaa kofia. Alianza na nyota. Aliipunguza utambi, akaipuliza. Kisha akapita mbele ya wenzake mmoja baada ya mwingine, akipuliza, bila haraka, na kila mmoja alipopulizwa alitoweka. Wa mwisho alikuwa mtoto mdogo aliyeukumbatia mshumaa wake asitake kuutoa. Kulwa alimwambia kitu sikioni. Mtoto akapuliza mwenyewe.

Moshi wa nta una harufu ya kitu kilichokuwa kitamu. Ndicho ninachokikumbuka kwanza, halafu ukimya, halafu hatua. Tulisikia miguu mitupu ikiteremka kati ya mabenchi. Katikati ya kanisa miguu ikasimama, na Sofia akaanza kulia. Kilio cha mtoto kanisani gizani ni kitu kigumu kukivumilia. Niliwasikia watu wakijongea, mtu akasema "Jamani taa," na nikasikia, mbele kabisa, kisanduku cha kiberiti kikitikiswa. "Msiwashe kwanza," ilisema sauti ya Kulwa. "Hawajafika mlangoni." Kiberiti kikatulia. Sijui Mzee Maganga alijizuia vipi, alikuwa mtu mwenye mkono mwepesi. Kulwa akamwambia Sofia amshike nguo, na hatua zikaendelea, jozi tatu za miguu, zikapita karibu nami, nikasikia pumzi. Kisha mlangoni: "Mama, fungua." Mpango ulikuwa mzee mmoja afungue mlango, lakini Mama Kulwa alikuwa amekaa penye komeo kama kawaida yake, na hakuna aliyefikiria maana ya jambo hilo. Nje kulikuwa na jua, na barabara, na watu waliokosa nafasi ndani. Mwanamke ambaye kwa miaka alikuwa amefunga kila kilichofungika alikuwa anaombwa na mwanawe afungue. Tulingoja. Nilimsikia akipumua kwa mdomo, na nilikuwa na hofu kama sijawahi kuwa nayo, si ya igizo kuharibika, ila ya kwamba hatafungua, na kwamba atakuwa na haki. "Mama," alisema Kulwa tena, "tumefika." Komeo likalia.

Jua liliingia mpaka madhabahuni. Yusufu na Mariamu walikuwa wamesimama kizingitini, wamefumba macho, wamepigwa na mwanga. Mwanasesere alikuwa amebebwa na Kulwa, kwa sababu Sofia alihitaji mikono yote miwili. Basi aliyetoka kwanza alikuwa Kulwa. Alisita kidogo tu, akavuta upande wa kaniki aliyojifunga akaweka juu ya macho yake, akatoka nje mbele ya watu wote akiwa na mtoto kifuani, na mama yake akamfuata, na tuliobaki ndani tukawatazama wakienda. Mzee Maganga alikuwa bado ameshika njiti ambayo haikuwaka. Mama Tabitha alisema, "Tuimbe sasa," na sisi tulioweza tukaimba. Kulwa alirudi kanisani Jumapili iliyofuata na zote zilizofuata, na kabla sijaenda chuoni lile bati la dirishani lilikuwa limetolewa. Nimefundisha watoto tangu hapo, shuleni na kanisani, na habari ya kuzaliwa kwa Yesu nimeirudia kila Desemba. Mshumaa nawasha. Lakini sijawahi tena kumwambia mtoto kwamba giza ni adui.

Tulimzika Mama Tabitha mvua ilipokatika. Baadaye, chini ya turubai, sahani za wali na maharage zikipita mikono kwa mikono, mwanamke mwenye kofia pana na mikono mirefu alikuja akapiga goti kidogo mbele yangu. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Alikuwa amekuja kwa treni kutoka Kaliua, ambako anafundisha chekechea, Doto yuko Mpanda, mama anaishi naye hukohuko Kaliua, mzima, na madirisha anayaacha wazi ila mapazia ni mazito. Tulikula. Nilitaka kumuuliza mambo mengi ya miaka hii yote, lakini nilikuwa na moja lililokuwa likinisumbua tangu ibadani, nikamuuliza kwa nini aliwazuia watu wasiwashe tochi. Akanitazama kwa mshangao, kama alivyonitazama zamani nikikosea jambo lililo wazi.

"Mama Tabitha alikuwa hajafika mlangoni," alisema.